Ungo

Hoteli ilipofungwa, ungo wake wa televisheni
uliuzwa kwa bei ya chuma chakavu.
Nilimlipa mlinzi, nikaubeba kichwani
kutoka Kiponda mpaka Michenzani,
rasharasha ya mvua ikiupiga hodi njia nzima,
kisha ngazi, ghorofa tano,
na kila kona ukuta ukitaka fungu lake la rangi.

Wa nini?
Nina miwani ya mtumba inayoonesha dunia nyingine
na chumba cha hatua nne.
Hatua ya tano ni kabati.
Nimeshavunja kikombe cha mama,
na kidole gumba cha kushoto bado kinakumbuka kona ya kitanda.
Nikawaza: kama siwezi kurefusha chumba,
basi mguu wenyewe urudi.
Ungo chali sakafuni: unapanda, unateleza katikati,
unapanda, unateleza,
safari yote inaishia ulipoanzia.

Kiunoni, rimu ya baskeli
niliyoivisha godoro kuukuu na kipande cha kikoi.
Miguu yake ni mabomba ya maji
aliyoyachomea fundi Shaame kule Mwembetanga
huku akiniuliza, "Hiki si kigari cha mtoto mchanga?
Unajifunza kutembea upya?"
Sikumjibu. Nilikuwa namwonesha pa kuchomea.
Simu mbili zilizopasuka vioo, moja kila kifundo,
ndizo zinazohesabu hatua.
Soksi za skuli. Poda ya mtoto, kwa utelezi.

Wiki ya kwanza niliunganisha kinyume:
nikienda mbele, bonde zima linanikimbia,
nikirudi nyuma ndipo linanisogelea.
Wiki ya pili mguu wa kulia haukuwapo duniani.
Ya tatu, usiku wa kuamkia Ijumaa,
nilitembea.
Kilomita tatu. Majani mpaka kiunoni, hakuna mtu.
Na jasho, jasho lilikuwa la kweli,
lilichuruzika likafanya kidimbwi cha poda.

Wanauita uhalisia pepe.
Pepe, kama ya mpunga: ganda zuri, ndani hamna.
Sawa. Na pepe, mahali pake si ungoni?

Bi Mize wa ghorofa ya nne alipanda na mchi mkononi.
Alikuwa ameshanigongea dari mara tatu.
"Harubu! Unatwanga nini saa hizi?"
Akaniona: nimesimama ungoni, macho yamezibwa,
miguu inakwenda.
"Ahaa. Nikidhani wanaosafiri kwa ungo wako mashamba tu.
Kumbe na ghorofani wapo."
Nikamweleza. Hakuelewa,
au alielewa palipomhusu:
"Yaani natembea, na sitoki?"
"Hutoki."
"Nipe."

Akafunga kibwebwe, akauegemeza mchi kwenye kabati,
akaingia rimuni kama anayejaribu gauni la mtu mwingine.
Milima hakuishangaa. Majani hakuyasifu.
Aliteleza mara moja, akanilaani kidogo,
akashika mwendo:
shwa, shwa, shwa.
Kila njia panda alikata kushoto.
"Unatafuta nini, Bi Mize?"
"Ngazi. Watu wa huku wanashukia wapi?"

Nikajikuna kichwa.
Mwezi mzima nimepima, nimekata, nimefunga,
na kushuka sikukufikiria.

Hapo umeme ukakatika.
Kompyuta ikashusha pumzi, feni ikazunguka
mizunguko yake miwili ya mazoea, kimya.
Majumba yote yakaguna kwa pamoja.
"Vua, Bi Mize. Umeme umekwenda."

Gizani: shwa, shwa.

"Bi Mize, humo hamna kitu tena."
"Najua. Hebu shika bomba hili, linayumba."

Nikashika.
Chini yetu, ghorofa ya nne,
hapakuwa na mtu wa kugonga dari.