Stakabadhi

Imrich alikufa Februari, theluji ikiwa magotini.
Aprili nikafungua banda lake kutafuta sepetu,
nikakuta makopo arobaini na matatu.
Nimeyahesabu mara mbili. Mara ya pili nikiwa nimeketi.

Rangi ya milango, rangi ya mageti, vanishi
iliyoganda kama asali ya mwaka juzi.
Betri mbili za gari tuliloliuza
kabla Ctibor wetu hajaanza shule.
Na ndani ya gazeti, kimeviringishwa kama yai,
kipimajoto kilichopasuka: zebaki
ikakimbilia kwenye mkunjo wa karatasi, ikatulia, ikanitazama.

Makopo yote yana lebo moja,
ya kiwanda cha ng'ambo ya mto Hron
kilichomlipa mume wangu miaka thelathini na mmoja
na kila Krismasi kikampa kopo, kana kwamba rangi huliwa.

Nikapiga simu halmashauri. Binti mpole akasema
nisubiri siku ya taka za sumu, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba,
kilo kumi kwa kila kaya, zikizidi nilipie.
Nimlipe nani?
Utatulipa sisi, mama.
Na ninyi mnampelekea nani?
Nikasikia akifunua karatasi, akifunua, akifunua.

Jirani yangu Vojtech akacheka: Mwaga usiku,
kila mtu humwaga, mto una mdomo mpana.
Nikakumbuka kwamba Imrich hakula kamwe samaki wa Hron.
Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni miiba.

Basi toroli. Safari tatu juu ya daraja,
gurudumu likilia kama mtoto asiyetaka kunyolewa.
Getini alikaa Radoslav wa Zlatica,
niliyemfundisha kuhesabu darasa la kwanza.
Mwalimu, akasema, sisi huku tunatengeneza tu.
Nikamwambia: Mwanangu, kuzaa si kazi.
Kazi ni kulea. Haya, hesabu.

Akahesabu. Alikwama kwenye ishirini na tisa,
palepale alipokuwa akikwama zamani.

Akaja meneja, viatu havijui vumbi.
Bidhaa ikishauzwa, akasema, ni mali ya mnunuzi.
Nami nikavaa miwani, nikamsomea lebo yake,
chini kabisa, herufi za ukubwa wa chawa:
jina la kiwanda, mtaa, namba ya nyumba.
Faida yenu, nikasema, ilivuka daraja hili
ikafika kwenu bila kupotea hata siku moja.
Sumu nayo ina anwani ileile. Nimeisindikiza tu.

Sheria bado, akasema, iko bungeni, inasomwa.
Isomwe taratibu, nikajibu, mimi nimestaafu.
Nikageuza toroli, nikalikalia.

Saa nane zamu ilibadilika. Wanaume wakatoka
na kile kikohozi ninachokijua,
kifupi, kikavu, cha mtu anayeomba radhi.
Wengine walinisalimu kwa jina la marehemu.
Mmoja alisimama, akayatazama makopo muda mrefu,
akasema, Mimi ninayo sitini,
akaenda zake kuwahi basi.

Meneja alirudi ndani kupiga simu. Hakutoka tena.
Giza lilipoanza kuingia Radoslav akachana ukurasa
kwenye daftari la wageni, akaandika
kwa mwandiko uleule unaolalia kushoto:
Nimepokea makopo 43, betri 2, zebaki kidogo.
Akatia sahihi. Mkono ulimtetemeka; ana mkopo wa nyumba.

Karatasi hiyo nimeibandika juu ya jiko.
Makopo yalipelekwa wapi, sijui,
na hilo ndilo linaloniamsha usiku wa manane.
Toroli nimelitia mafuta.

Banda sasa ni tupu. Nimelifagia, nimelideki kwa sabuni.
Bado linanuka kazi yake.