Daftari la Msimamizi

Saa kumi na dakika saba, alfajiri, Kikambala.
Maji nyuzi ishirini na saba. Esha ameingia.
Ndivyo nilivyoandika, kwa penseli,
maana wino hulia ukiguswa na chumvi.

Sikuandika mafuta aliyopakwa kwapani na shangazi yake,
wala Yasini iliyosomwa mbiombio
kwa kuwa maji yalikuwa yashaanza kupwa.

Kanuni ni tatu, nilimsomea mara mbili:
usishike chombo,
usishikwe na mtu,
utoke majini kwa miguu yako.
"Hiyo ya pili," akasema, "iambie bahari."

Mikono hamsini na nane kwa dakika.
Kila nusu saa Mbwarali huzima injini,
nami humrushia chupa yenye kamba:
uji wa wimbi, katikati ya mawimbi.
Nilicheka peke yangu.

Nyali, yavuyavu. Shingoni, mgongoni, mdomoni.
Midomo ikamfura, uji ukamtoka pembeni kama mtoto.
"Usiandike nimelia. Andika nimekohoa."
Nikaandika amekohoa.

Mlango wa Kilindini: meli ya makontena,
ndefu kama mtaa wa Kuze uliong'olewa na nyumba zake.
Dakika kumi na sita anaelea papo hapo,
saa haisimami,
mkondo unamrudisha
kwenye maji aliyokwisha kuyalipia.

Kisha Shelly, na watu, na vigelegele.
Magoti yakagusa mchanga. Akainuka, akapepesuka,
maji mapajani,
na Bi Mwanamize, mamake,
ambaye maisha yake yote hajavuka maji ila kwa feri,
tena ameshika chuma kwa mikono miwili,
akaingia na buibui lake, na viatu,
akamkumbatia.

Zilibaki hatua tisa. Nilizihesabu.

Mbwarali akaitazama injini
kana kwamba ina la kusema.
Mimi na penseli yangu tulikuwa wapumbavu wawili.

Esha, kidevu begani mwa mamake,
akanitazama kwa macho mekundu,
na kwa ulimi usiotii akasema:
"Andika."

Nikaandika. Saa tisa na dakika arubaini na moja.
Ameguswa. Haihesabiki.

Na chini yake, penye nafasi ya hali ya hewa,
bila kuulizwa na mtu:
mama alikuwa na viatu vipya,
kimoja kimechukuliwa na maji.