Kifungu cha Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyeziandika zile tarakimu, Liivi,
mimi mhasibu wa kukodi, wa siku mbili kwa wiki,
juu ya duka la baiskeli, mjini Tartu,
kwenye dirisha lisilofunga na mto ulioganda.

Ulikuja na kidude, ukubwa wa kibiriti:
sikio la kutia mzingani majira ya theluji,
kikiwasikia nyuki, kimwambie mwenyewe, “Wazima.”
Kisipowasikia, kinyamaze.

Benki ilitaka hati ya nyumba. Nyumba huna.
Mama yako akatoa euro elfu nne za paa
(paa lile linavuja hadi leo,
beseni liko sebuleni).
Ndipo akaja Henn Raudla kutoka Tallinn,
viatu vyeupe kwenye tope la Machi,
akasema fedha yake si mkopo:
“Ikizama, sikudai hata senti.”
Na hakusema uongo.
Nani mwingine angemwaga laki sita
juu ya mvumo wa nyuki?

Nilikuwekea kidole kwenye kifungu cha kumi na nne:
kampuni ikiuzwa, mtaji hula kwanza,
na hula mara mbili.
Ukacheka. “Siku hiyo tutashiba sote.”
Ukasaini. Kalamu ilikuwa yangu.

Miaka mitano.
Kila fedha ilipokata, mgeni mpya mezani,
kijiko chake kirefu kuliko cha aliyemtangulia.
Ulilala ofisini, koti ndilo blanketi.
Mizinga elfu tisa, kutoka Võru hadi Latvia,
ikaota masikio.

Kisha Wadenmaki wakanunua. Milioni kumi na moja.
Gazetini umeshika shada, unacheka vilevile.
Usiku ule nikagawa, mstari kwa mstari:
aliyeingia mwisho akalipwa kwanza,
akafuata aliyemtangulia, akafuata Henn,
wakili, mtafsiri wa mkataba, kodi,
hadi nikafika kwenye jina lako.

Euro mia tatu na kumi na mbili.

Nikahesabu upya. Nikazima kompyuta,
nikahesabu kwa penseli, kama mtoto wa darasa la pili.
Mia tatu na kumi na mbili.

Fuata nyuki ule asali, walisema.
Foleni hawakuitaja.

Hukunilaumu. Uliuliza tu bei ya mabati.

Sasa nasikia Henn amekupigia,
ana fedha ya wazo lako lijalo, lolote lile.
Njoo Alhamisi, nipo.
Tutaanza kusoma kutoka mwisho.
Na kalamu, Liivi,
safari hii njoo na yako.