Gari la Kumi na Mbili

Sanduku lilifika Mkomani juu ya punda,
pembe moja imebonyea, vipande vyote salama.
Shekuwe akavikata kwa wembe wa kunyolea,
akapiga msasa hadi magharibi.

Mtaani kwetu gari halipiti,
ukinyosha mikono unagusa kuta mbili.
Lakini kidakani, zilimokaa sahani za bibi yake,
kumi na moja yamepangwa, yakitazama mlangoni.

Hili ni Pijo. Rangi ya maziwa ya chai
ameikoroga mara nne, bado si ile ya Malindi,
ya babake, aliyetoa mkono dirishani
kufungua kwa nje,
kitasa cha ndani kilishakufa.

Magurudumu yamekauka. Taa zimekaa.
Mlango wa dereva
hajautia gundi.