Zamu Yangu

Skanda hulamba karatasi kama mtu abandikaye stempu
kwenye barua ya mbali. Husokota bila kutazama.
Sisi wanne, juu ya dari ya nyumba ya kina Bunu isiyokwisha,
huku Gadeni. Ngazi haina pa kushika. Saruji iliishia chumba cha pili
babake alipokwenda Maskati na simu ikanyamaza.

Kijiti kinawaka. Kwa Skanda, kwa Bunu, kwa Shekue, kwangu.
Ndiyo kaida tangu kidato cha pili.
Kinapofika nakipokea kwa vidole viwili,
nalihisi joto lake,
nampa Skanda.
Basi. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi:
daraja.

Wiki ya kwanza waliniita shehe.
Ya pili, mgonjwa.
Ya tatu Shekue akaniuliza kwa sauti ya chini
kama kuna msichana. Ningependa awepo.
Sababu ilikuwa ndogo mno, nikaona haya kuitaja:
kofia.

Kofia ya vito, ya shemeji, ya harusi ya Khuleta.
Miezi minne ya sindano,
vitobo nikivihesabu huku navuta, nikivihesabu upya huku navuta,
na asubuhi ya kuimaliza nikaona ua la kulia
lina majani saba, la kushoto tisa.
Shemeji aliivaa. Hakuna aliyeona.
Mimi niliona. Katika kila picha ya harusi ile
naona kichwa cha watu kilichopindwa na mkono wangu.

Sikuacha kwa siku moja. Msiniulize tarehe.
Nilipunguza kama mtu ashukaye ngazi ya kina Bunu gizani,
kwa unyayo, kiganja ukutani.
Kwanza niliondoa cha asubuhi. Halafu cha baada ya chakula,
kile kilichonilaza alasiri ikapita bila mimi.
Cha usiku kilikataa. Cha usiku kilijua jina langu.
Nikawa nalala saa tisa, na ndoto
zilizokosa nafasi miaka mitano zikaja zote pamoja,
zikisukumana mlangoni kama watu wa mgao wa unga.
Na mara moja, usiku wa fainali, nilivuta. Viwili.
Skanda hakusema kitu. Alijisogeza tu nipate pa kukaa,
na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Kwa nini usiwaache, huniambia Khuleta.
Bunu ndiye aliyenibeba mgongoni hadi hospitali
siku punda wa mawe aliponivunja mguu.
Shekue nina deni lake la mwaka juzi, hajalitaja.
Rafiki si shati, ulivue likiingia moshi.

Basi nakaa joshini, moshi uende zake,
kofia mpya mapajani, taa ya simu mdomoni.
Wanacheka. Kisa ni kile kile cha mbuzi aliyekula hati ya nyumba,
nami kwa mara ya kwanza naona
kilivyo kirefu.

Zamani, kabla ya kuingia ndani, nilijifukiza udi
mpaka mama akawa anajisifia kwa jirani:
mwanangu apenda kunukia.
Sasa sijifukizi. Naingia nilivyo,
na nanuka bangi kuliko nilipokuwa nikiivuta.
Hunusa, hukunja uso, husema chakula kimepoa.
Nimwambie nini? Mama, moshi huu ni wa Bunu?
Kila mvutaji ana Bunu wake.

Jana aliichukua kofia mapajani mwangu,
akainusa, akageuza uso,
kisha akaisogeza penye taa, akaanza kuhesabu
kwa ncha ya ukucha, midomo ikitikisika.
Majani saba. Akaizungusha.
Moja, mbili,
nami nimebana pumzi
kama zamani nilivyobana moshi.