Sikio la Siku Tisa

Doreen Hepworth ana sikio la siku tisa.
Mwili una miaka hamsini na minane,
mikono ni ya dobi wa siku nyingi,
lakini sikio, lile la kushoto,
wamelifungua Jumanne ya wiki iliyopita
kwa kidubwasha cha umeme kinacholala nyuma ya nywele.
Surua ilikuwa imelifunga tangu utotoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
siku ya tatu sikio likapewa mazoezi.
Hiki kijiko. Hili bomba. Hili jina lako.

Ya nne akaniandikia nyuma ya orodha ya mashuka
(tunafua ya hospitali, Huddersfield, zamu ya alfajiri):
Una santuri nyingi. Nichagulie moja. Ya kwanza.

Moja!
Mimi niliyeacha viatu Tanga ili santuri zienee sandukuni.

Jumamosi nimekesha, nimekaa sakafuni.
Rumba nikaitoa, nikairudisha:
magita matatu yanajibizana kama mawifi,
sikio changa litajuaje nani kaanza ugomvi?
Taarabu, hapana. Fidla tele, na mafumbo
ambayo mimi mwenyewe yamenichukua ndoa moja na nusu kuyafumbua.
Shemeji akasema kwa simu, mpe dansi, tarumbeta halina uongo.
Salha, binti yangu, akachungulia kutoka ngazini:
"Baba, si lazima apende unachopenda."
Nikamwambia akalale.

Alikuwa kanigusa kidonda.
Sikuwa nachagua santuri.
Nilikuwa nachagua Doreen anione mtu wa namna gani.

Basi nikaangukia gita moja, mzee mmoja, pole pole,
jalada la kijani lililoungua pembe kwa pasi.
Nikaipangusa kwa fulana yangu.

Jumapili kaja na keki ya tangawizi.
Kavua koti la mvua, kaketi wima
kama mtu aliye kwa daktari wa meno.
Sindano ikashuka.
Nilimtazama yeye; muziki sikuusikia.

Baada ya dakika nne akasema, kwa sauti yake ile isiyo na kipimo:
"Ni uma. Uma zinaanguka kwenye sinki."

Nikacheka kuficha haya.
Wimbo wa pili, uma.
Wa tatu, uma, na paka.
Akavumilia, kama watu wa huku wanavyoivumilia mvua,
mikono mapajani, akisubiri ipite.

Upande ukaisha. Sikuinuka; nilikuwa namimina chai.
Sindano ikabaki inazunguka pasipo wimbo,
krr-tap,
krr-tap,
Doreen akainua kidole.
Akabandika kiganja kwenye kasha la spika,
kiganja kile kinachojua mashine namba nne ina homa
kabla fundi hajavaa ovaroli.
Krr-tap.
Macho yakaenda kiganjani, yakapanda upande wa sikio, yakashuka tena,
kama mtu aliyeandikiana barua na mwenzake miaka hamsini
na leo wamegongana mlangoni.

"Huyu," akasema. "Huyu ni nani?"

Ningemwambia, si mtu.
Ni vumbi, na mkwaruzo, na plastiki iliyochakaa
kabla wewe na mimi hatujajuana.
Nikasema ni mpiga ngoma.

"Mzuri," akasema. "Hana haraka."

Tukamsikiliza mpaka chai ikapoa.

Leo Alhamisi. Santuri iko kwake, Lockwood;
anaweka sindano pale pale, ukingoni mwa karatasi ya katikati,
na upande wa pili hajaugeuza.
Asubuhi kaniletea orodha nyingine ya mashuka:
Yule bwana ana nyingine?

Nimemjibu anazo.
Themanini na kitu, ziko kwangu,
na kote humo anapiga yeye, mwishoni,
wenzake wakishaondoka.