Shingo ya Milimita Ishirini na Tisa

Kioo kimeungua. Hata umeme ukikatwa
kuta za ule mchezo zinabaki humo,
bluu iliyogeuka hudhurungi,
na maneno INGIZA SARAFU yamelala chini
kama kovu la chanjo begani.
Miaka thelathini na saba kwenye baa ya Sudbury,
wachimba nikeli wakishindana kwa robo dola,
moshi wa sigara ukipenya kwa matundu ya nyuma.

Tyubu hizi haziundwi tena. Tanuri zilizimwa.
Anayetaka moja sharti angoje
mtu mwingine aichoke runinga yake.

Basi kila Alhamisi, kabla ya lori la taka,
mimi na Taisto Rautio tunazunguka na tochi,
theluji ikitujaa viatuni.
Watu huuliza: inchi ngapi?
Kana kwamba ni inchi tu. Ndoa ingekuwa nyepesi hivyo!
Kumi na tisa, sawa. Lakini shingo?
Ikinenepa, koili haipiti.
Ikikonda, koili inacheza
kama pete ya marehemu kwenye kidole cha mjane.
Pini nazo: zihesabu, uzihesabu tena,
maana mbili hufanana sura
na moja ikapeleka moto pasipotakiwa moto.
Pembe iwe nyuzi tisini, si mia na kumi.
Kisha Taisto huweka mita kwenye koili
na kunong'ona kama mtu anayekumbuka deni:
mlalo, omu mbili. Wima, kumi na tatu.

Tumebeba kumi na moja. Kumi zilikataa.
Ya kumi na moja ilikata roho mikononi mwangu:
ncha ya shingo ilipasuka, hewa ikaingia, fyuuu,
nasi tukasimama gizani, kofia mkononi,
hatujui tumwombe nani radhi.

Kisha Bi. Aune Kivelä, miaka themanini na minne,
nyumba iliyo nyuma ya reli.
Alitupa kahawa kabla ya kutuuliza majina.
Runinga yake imekaa juu ya kitambaa cha kufuma,
nayo inawaka. Hilo ndilo lililonitia haya:
inawaka vizuri, na sisi tumekuja na bisibisi.
"Mwanangu kaniletea ile nyembamba," akasema,
"inaning'inia ukutani kama kalenda.
Hii ilikuwa ya Veikko. Magongo ya barafuni, Jumamosi.
Ikitetemeka, aliigonga ubavuni.
Ilimtii kuliko watoto."

Taisto akaizima. Akangoja. Akavua saa.
Mkono mmoja mfukoni, wala si ubahili:
umeme usipate njia ya kupitia moyoni.
Bisibisi ikaingia chini ya kikombe cha mpira.
Ta!
Kama mtu aliyevunja njugu kwa meno.
"Ndiyo hiyo yote?" akauliza Bi. Aune.
"Ndiyo yote iliyobaki."

Shingo, ishirini na tisa. Pini, zilezile.
Omu mbili na kidogo.
Taisto hakucheka, ila masikio yake yalisogea.

Tuliiwasha baa ilipofungwa.
Mwanzoni rangi ziligombana, nyekundu huku, bluu kule,
mpaka akazungusha pete za shingoni kwa ukucha,
unywele kwa unywele,
zikapatana kuwa mstari mmoja mweupe.
Ila pembe ya kulia, chini: doa la zambarau.

"Spika," akasema. "Aliweka spika ubavuni
miaka yote hiyo. Sumaku imekula."

Koili ya kufutia ilikuwa garini, hatua ishirini.
Mizunguko mitatu mbele ya kioo, basi, doa kwisha.
Taisto akatazama mlango. Akatazama doa.
"Kesho," akasema, akavuta kigoda.

Nikaingiza robo dola.
Nikafa mara moja, palepale kwenye zambarau,
na picha ikatetemeka kidogo.

Nikaigonga ubavuni.